Kesi bila maiti: kupotea kwa Albert Fountain na mwanawe Henry katika New Mexico (1896-1899)

0. Utangulizi

Kati ya mauaji ya karne ya 19 ambayo hayakupata ufumbuzi katika Marekani, ni machache yaliyojadiliwa sana kama yale ya mwanasheria Albert Jennings Fountain na mtoto wake Henry. Wawili hao walitoweka tarehe 1 Februari 1896 katika kaunti ya Doña Ana, kusini mwa eneo la New Mexico. Baba alikuwa na umri wa miaka 57, mtoto alikuwa na miaka minane. Maiti zao hazijapatikana kamwe. Watu wawili walisimamishwa mbele ya mahakama, wakaachiliwa huru, na baada yao hakuhukumiwa mtu yeyote.

Walio wengi kati ya wale waliochunguza jambo hili wameuliza swali moja: nani aliwaua? Makala haya yanauliza swali jingine: kwa nini haikuwezekana kujua? Jibu linalotolewa mara kwa mara ni kwamba jangwa lilificha maiti. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Tunakusudia kuonyesha kwamba kila chombo ambacho kingeweza kuufikia ukweli, yaani sherifu, mahakama, gazeti, hata mpaka wa kaunti yenyewe, kilikuwa mikononi mwa moja ya pande mbili zilizokuwa zikishindana. Ukweli ulikosa mahali pa kusimama ambapo hapakuwa pa mtu.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jarida la masomo ya Kiswahili lijishughulishe na jambo la mbali hivyo. Tuna sababu mbili. Kwanza, historia ya sheria ni uwanja ambamo Kiswahili cha chuo kikuu hakijafanyishwa kazi ya kutosha, na lugha haikomai isipofanyishwa kazi. Pili, kesi hii, ukiitazama kwa makini, ni kesi ya maneno pia. Iligeuka juu ya tofauti kati ya « kupotea » na « kuuawa », na kati ya ushahidi, dalili na uvumi.

Neno moja la istilahi lahitaji kuelezwa kabla ya kuendelea. Kaunti katika Marekani ni sehemu ya utawala iliyo chini ya jimbo au eneo, yenye mji wake mkuu, mahakama yake na sherifu wake. Sherifu hatumwi na serikali ya juu kama mkuu wa wilaya alivyotumwa katika nchi nyingi za Afrika. Kwa kawaida huchaguliwa kwa kura na wakazi. Yeye ndiye anayekamata, ndiye anayefunga, ndiye anayelinda wafungwa. Yafaa tulikumbuke jambo hilo, kwani litatusaidia mbele.

1. Mahali na watu

New Mexico ilichukuliwa na Marekani katika vita dhidi ya Meksiko vya 1846-1848. Ilifanywa eneo mwaka 1850, wala haikuwa jimbo kamili kabla ya mwaka 1912. Kwa muda huo wote gavana aliteuliwa na rais kutoka Washington, na mahakimu vilevile. Wakazi wengi wa bonde la mto Rio Grande walikuwa wasemaji wa Kihispania waliokuwepo kabla ya mabadiliko hayo. Mahakama zilifanya kazi kwa lugha mbili, na mkalimani alikuwa mtu wa kawaida barazani.

Mashariki ya bonde hilo, ng'ambo ya milima ya San Andres na Organ, kuna bonde la Tularosa. Ni nchi kavu yenye majani haba. Katikati yake umelala uwanja mkubwa wa mchanga mweupe wa jasi unaoitwa White Sands. Tangu miaka ya 1880 wafugaji kutoka Texas walihamia huko na mifugo yao. Maji yalikuwa machache, kwa hiyo aliyemiliki chemchemi alimiliki pia malisho yaliyoizunguka. Ukame ulipozidi, ugomvi ulizidi. Ng'ombe walitambulikana kwa chapa iliyochomwa ngozini, na chapa yaweza kubadilishwa na mtu mwenye chuma cha moto na nia mbaya.

Albert Fountain alizaliwa mwaka 1838 huko Staten Island, New York. Aliingia New Mexico mwaka 1862 pamoja na askari wa kujitolea kutoka California, akamwoa Mariana Pérez, binti wa familia ya Kihispania. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alikwenda El Paso, akawa mjumbe wa baraza la seneti la jimbo la Texas. Kisha akarudi Mesilla, akawa wakili, mwenye gazeti, na kanali wa wanamgambo. Mwezi Aprili 1881 aliteuliwa na mahakama ya Mesilla kumtetea kijana mhalifu aliyejulikana kama Billy the Kid. Katika siasa alikuwa mtu wa chama cha Republican, na nguvu yake ilitoka kwa wapiga kura wa Kihispania.

Mshindani wake alikuwa Albert Bacon Fall, wakili kijana zaidi, mtu wa chama cha Democrat wakati huo, mwenye gazeti lake katika Las Cruces. Fall aliwahi kuwa hakimu wa mahakama kuu ya eneo kati ya 1893 na 1895. Wafugaji kutoka Texas walimwona kuwa msemaji wao. Miongoni mwao alikuwa Oliver Lee, aliyekuwa na ranchi katika Dog Canyon, chini ya milima ya Sacramento. Lee alikuwa hodari wa bunduki na mtu mwenye marafiki wengi. Tena aliwahi kupewa unaibu wa kulinda sheria. Twaona basi kwamba kabla ya mwaka 1896 watu hawa walikwisha kupambana katika kura, katika magazeti na katika mahakama. Ng'ombe walikuja juu ya ugomvi uliokuwa tayari.

2. Safari kutoka Lincoln

Mwaka 1894 wafugaji wakubwa wa kusini-mashariki walianzisha chama cha kupambana na wizi wa mifugo, wakamchukua Fountain awe mwendesha mashtaka wao. Mwezi Januari 1896 alisafiri hadi mji wa Lincoln kuwasilisha kesi zake mbele ya baraza la raia lenye kazi ya kuamua kama mtu ana la kujibu mahakamani. Alipata hati 32 za mashtaka. Katika majina yaliyoandikwa humo yalikuwamo ya Oliver Lee na rafiki yake William McNew, walioshitakiwa kwa wizi wa ng'ombe na kuharibu chapa.

Kwenda na kurudi, Fountain alifuatana na Henry. Inaelezwa kwamba mama ndiye aliyetaka mtoto aende, akiamini kuwa hakuna mtu, hata awe mwovu kiasi gani, atakayemshambulia baba mbele ya mtoto mdogo. Imani hiyo ilikuwa na mantiki yake katika nchi ambamo wanaume waliuana mara kwa mara lakini waliheshimu mipaka fulani. Ndiyo maana tukio hili liliwashtua hata watu waliokwisha zoea kusikia habari za risasi.

Safari ya kurudi ilikuwa ya kilometa zipatazo 240 kwa gari dogo la kuvutwa na farasi, wakati wa baridi. Kabla ya kuondoka Lincoln, Fountain alipewa karatasi ya vitisho iliyomtaka aziache kesi hizo kama alitaka kufika nyumbani akiwa hai. Hakuziacha. Walilala La Luz usiku wa tarehe 31 Januari. Asubuhi iliyofuata waliingia katika sehemu ndefu isiyo na watu, wakipita kando ya White Sands.

Mtu wa mwisho ajulikanaye kuzungumza nao ni Saturnino Barela, mchukuzi wa barua. Barela alikutana nao njiani alasiri, na wote wawili walikuwa wamewaona wapanda farasi watatu wakienda kwa mbali. Barela alimshauri Fountain arudi alale, kisha asubuhi wasafiri pamoja. Fountain alikataa, kwa sababu mtoto alikuwa na mafua na alitaka kumfikisha kwa mama yake usiku huo. Barela akashika njia yake, na gari likaendelea kuelekea mahali paitwapo Chalk Hill.

3. Dalili zilizopatikana

Siku ya pili Barela aliporudi kwa njia ileile aliona kwamba nyayo za gari zimeiacha barabara. Alipofika Las Cruces aliuliza kama Fountain amefika. Hakuwa amefika. Usiku huo watoto wakubwa wa Fountain na majirani walitoka kwa farasi, na asubuhi kundi la pili likawafuata.

Karibu na Chalk Hill walikuta alama za watu waliovizia, na mahali pengine doa kubwa la damu lililozama katika udongo. Ilipatikana leso yenye damu, pamoja na sarafu ndogo za mtoto. Gari lenyewe lilikutwa mbali na barabara, likiwa limepekuliwa. Hati za mashtaka hazikuwamo. Nyayo za farasi zilielekea mashariki, upande wa milima ya Sacramento. Kwa maelezo ya wafuatiliaji, kundi la ng'ombe lilikuwa limepitishwa juu ya nyayo hizo, zikafutika. Upande huo ndiko zilikokuwa ranchi za Lee na wenzake.

Hapa hatuna budi kupima maneno yetu. Tuna njia iliyoachwa, damu, gari lililoporwa na hati zilizotoweka. Tuna watu waliokuwa na sababu ya kutaka hati hizo zitoweke. Hatuna mwili. Hatuna aliyeona. Hatuna silaha iliyotambuliwa kuwa ndiyo iliyotumika. Hata ile damu ilikuwa shahidi dhaifu: njia ya maabara ya kutofautisha damu ya binadamu na ya mnyama ilitangazwa na daktari Mjerumani Paul Uhlenhuth mwaka 1901 tu. Kabla ya hapo daktari hakuweza kuapa bila shaka yoyote kwamba doa fulani ni la mtu wala si la ng'ombe. Katika nchi ya wafugaji, udhaifu huo ulikuwa mkubwa.

4. Sherifu, wakimbizi na kaunti mpya

Gavana William Thornton alitangaza zawadi na kumleta mpelelezi wa shirika la Pinkerton. Alimwita pia Pat Garrett, yule aliyempiga risasi Billy the Kid mwezi Julai 1881, miezi michache baada ya Fountain kumtetea. Garrett akawa sherifu wa Doña Ana mwaka huohuo wa 1896. Hata hivyo miaka miwili ilipita bila mtu kukamatwa. Mwezi Aprili 1898 ndipo Garrett alipoomba hati za kukamata. McNew alitiwa ndani, akakaa gerezani karibu mwaka mzima, kisha akaachiliwa bila kuhukumiwa. Lee na kijana mwenzake, James Gililland, walikimbilia milimani.

Mwezi Julai 1898 Garrett na manaibu wake wanne waliwavizia usiku katika nyumba ya ranchi iliyoitwa Wildy Well. Washitakiwa walikuwa wamelala juu ya dari. Risasi zikafyatuliwa pande zote mbili, na naibu mmoja, Kent Kearney, akajeruhiwa vibaya, akafa. Garrett alilazimika kuondoka bila kumkamata mtu. Sasa palikuwa na maiti moja yenye jina na kaburi, lakini haikuwa ya wale waliokuwa wakitafutwa.

Tunafika katika sehemu ambayo kwa maoni yetu ndiyo kiini cha jambo. Lee na Gililland walisema wako tayari kujisalimisha, ila si kwa Garrett. Walidai kwamba wakiingia katika gereza lake hawatatoka wazima. Ikawaje? Mwezi Januari 1899 baraza la kutunga sheria la New Mexico liliunda kaunti mpya, ikimega sehemu ya Doña Ana. Ilipewa jina la gavana aliyekuwa madarakani, Miguel Otero. Mipaka yake ilichorwa kwa namna ambayo mahali palipotokea tukio palitoka mikononi mwa Doña Ana. Palipotoka mikononi mwa Doña Ana palitoka pia mikononi mwa Garrett. Sherifu wa kwanza wa Otero alikuwa George Curry, mtu aliyekuwa na uhusiano mwema na washitakiwa.

Si kwamba kaunti ya Otero iliundwa kwa ajili ya watu wawili tu. Reli ilikuwa imefika, mji wa Alamogordo ulikuwa umeanzishwa mwaka 1898, na wakazi walikuwa na sababu zao za kutaka makao makuu ya karibu. Lakini Fall alikuwa miongoni mwa walioona faida ya kisheria ndani ya mpango huo, na faida hiyo ilipatikana. Mwezi Machi 1899 Lee na Gililland walijisalimisha kwa hakimu Frank Parker. Walisindikizwa na mfugaji kijana Eugene Manlove Rhodes, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa hadithi za Magharibi. Inasimuliwa kwamba walisafiri kwa treni wakiwa wamejigeuza sura, na kwamba Garrett mwenyewe alikuwa ndani ya treni hiyohiyo.

Sisi tumezoea kuufikiria mpaka wa utawala kuwa mstari unaotenganisha vijiji, kodi na machifu. Hapa twauona ukitenganisha mshitakiwa na mtu aliyemshitaki. Kalamu ya mchora ramani ilifanya kazi ambayo bunduki ya Wildy Well haikuimaliza.

5. Kesi ya Hillsboro

Kesi ilihamishiwa kaunti ya tatu, Sierra, katika mji mdogo wa machimbo wa Hillsboro. Ilianza mwishoni mwa mwezi Mei 1899, ikamalizika tarehe 13 Juni. Waandishi wa magazeti walifika kutoka mbali, na waya wa simu ya maandishi uliletwa hadi mjini ili habari zitoke kila siku. Upande wa mashtaka uliimarishwa na Thomas Catron, wakili tajiri na kiongozi mkubwa wa Republican katika Santa Fe. Upande wa utetezi uliongozwa na Fall. Kwa hiyo wasikilizaji waliona ushindani wa vyama vilevile viwili, safari hii ukiwa umevaa joho la sheria.

Lee na Gililland walishitakiwa kwa kumuua Henry peke yake. Mashtaka ya kumuua baba yake yaliwekwa akiba. Mkakati huo unaeleweka. Baba alikuwa na maadui, naye alikuwa amebeba silaha. Wapo watu ambao wangesema moyoni kwamba alijitakia. Mtoto hakuwa na adui. Upande wa mashtaka ulitaka raia kumi na wawili wa jopo wamfikirie yeye tu.

Shahidi aliyetegemewa zaidi alikuwa Jack Maxwell, aliyesema kuwa alikuwapo kwenye ranchi ya Lee siku zile na kwamba Lee hakuwa nyumbani wakati alipodai kuwapo. Fall alipomhoji, alifichua mkataba wa maandishi: Maxwell alikuwa ameahidiwa dola 2.000 endapo washitakiwa wangehukumiwa. Basi neno lake likapoteza uzito. Haijalishi tena kama alisema kweli au la. Shahidi aliyelipwa kwa matokeo ya kesi amekwisha kuacha kuwa shahidi.

Hoja kubwa ya utetezi ilikuwa fupi zaidi: maiti iko wapi? Hapa linaingia neno la Kilatini linalotumiwa na wanasheria wa nchi nyingi, corpus delicti. Maana yake halisi ni « mwili wa kosa ». Mtu asiyesomea sheria hudhani kwamba mwili unaosemwa ni maiti ya marehemu. Sivyo. Maana ya kisheria ni ule mkusanyiko wa mambo yanayoonyesha kwamba kosa limetendeka. Maiti ni njia moja ya kulithibitisha, ingawa ndiyo iliyo rahisi kuliko zote. Hata bila maiti, mahakama yaweza kuridhika kuwa mtu ameuawa, mradi dalili nyingine zina nguvu ya kutosha. Lakini jopo la raia ni watu wa kawaida, na katika masikio ya watu wa kawaida « mwili » ni mwili. Tena tangu 1896 zilikuwa zimeenea fununu kwamba Fountain yu hai, kwamba amekimbia mwenyewe na ameonekana mahali fulani. Fununu hizo hazikuhitaji kuthibitishwa. Zilitosha kuacha ufa wa shaka, na shaka katika mahakama ni mali ya mshitakiwa.

Lee na Gililland walieleza kwamba siku ile walikuwa kwenye ranchi, na ndugu na rafiki zao wakaunga mkono. Jopo liliingia kushauriana usiku, na dakika zinazotajwa kwa kawaida hazifiki kumi. Uamuzi ulikuwa: hawana hatia. Baadaye mashtaka yaliyobaki, ya kumuua Albert Fountain na ya kifo cha Kearney, hayakuendelezwa.

6. Ushahidi, dalili, uvumi

Lugha yetu ina maneno matatu ambayo katika mazungumzo huchanganywa, lakini ambayo mwanahistoria yafaa ayatenge. Ushahidi ni neno la mtu aliyeona, au hati, au kitu, ambacho chaweza kuhojiwa. Dalili ni alama inayoelekeza mahali fulani bila kutufikisha. Uvumi ni neno linalotembea bila mwenyewe. Katika kesi ya Fountain dalili zilikuwa nyingi, ushahidi ulikuwa haba, na uvumi ulijaza nafasi iliyobaki.

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ni hekima ya kijiji, ambako watu hujuana na ambako neno lisilo na mzizi hukauka lenyewe. Lakini neno likiwa ni silaha ya chama, halikauki. Humwagiliwa maji kila wiki na mwenye gazeti. Katika bonde la Tularosa wajukuu wa pande zote mbili walirithi masimulizi mawili kamili, kila moja likiwa na mashahidi wake, mashujaa wake na maelezo yake ya mahali maiti zilipozikwa. Mtafiti Jan Vansina, aliyejenga nadharia yake ya mapokeo simulizi kutokana na kazi aliyoifanya kwa Wakuba wa Kasai, alitufundisha katika kitabu chake cha 1961 kuuliza kila mara: nani anasimulia, na kwa faida ya nani? Swali hilo lafaa kwa Wamarekani sawasawa na lifaavyo kwetu. Na tukiliuliza hapa, twaona kwamba hata hati za maandishi, ambazo mara nyingi huaminiwa kuliko masimulizi, hazikuwa safi. Gazeti lilikuwa la chama. Shahidi alikuwa na mkataba. Hata ramani ilikuwa na nia.

Tujihadhari pia na kosa la upande wa pili. Kuachiliwa kwa Lee na Gililland hakuthibitishi kwamba haki ilipotoshwa. Kwa ushahidi uliowekwa mbele yao, raia wale wa Hillsboro wangeweza kwa dhamiri safi kukataa kuhukumu. Mwanahistoria hana kibali cha kufungua mahakama ya pili miaka mia moja baadaye na kuwahukumu marehemu wasioweza kujitetea. Waandishi waliosadiki kwamba Lee alihusika wanajenga juu ya sababu na nyayo. Waliosadiki kwamba hakuhusika wanajenga juu ya uamuzi wa jopo na udhaifu wa mashahidi. Pande zote mbili zinasimama juu ya mchanga uleule mweupe.

Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni jingine. Yaliyotokea baadaye kwa wahusika yanaonyesha ni nini kilichokuwa kikishindaniwa tangu mwanzo. Pat Garrett aliuawa kwa risasi karibu na Las Cruces mwaka 1908. Mtu aliyekiri kumpiga, Wayne Brazel, alidai kujilinda, akatetewa na Albert Fall, akaachiliwa mwaka 1909. George Curry alikuwa gavana wa New Mexico tangu 1907. Oliver Lee aliingia katika baraza la kutunga sheria, akafa mwaka 1941. Na New Mexico ilipokuwa jimbo mwaka 1912, maseneta wake wawili wa kwanza waliokwenda Washington walikuwa Thomas Catron na Albert Fall: mwendesha mashtaka wa Hillsboro na mtetezi wa Hillsboro, sasa katika chama kimoja, kwa kuwa Fall alikuwa amehamia Republican. Fall alipanda hadi kuwa waziri wa mambo ya ndani ya nchi mwaka 1921, kisha akahukumiwa mwaka 1929 kwa kupokea rushwa katika ukodishaji wa visima vya mafuta vya serikali.

Kumbe wakubwa waliweza kupatana. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na tembo hao walipokwisha kuchoka walikwenda kunywa maji pamoja. Henry Fountain, ambaye kwa jina lake kesi nzima ilifunguliwa, hakuwa tena na kazi kwa yeyote kati yao.

7. Hitimisho

Tumeeleza kwamba mauaji haya hayakukosa ufumbuzi kwa sababu ya jangwa peke yake. Dalili zilikuwepo siku ya pili, zikiwa bado mbichi. Zilihitaji mpelelezi asiye wa chama, gereza linaloaminiwa na mshitakiwa, shahidi asiyenunuliwa, na mpaka usiosogezwa wakati kesi inasubiri. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichopatikana. Utawala wa sheria haujengwi siku ambapo mtoto amepotea. Hujengwa kabla, ili siku hiyo uwepo.

Kwa mwanafunzi wa historia, somo ni kwamba swali la « kwa nini hatujui » ni swali halali la utafiti, lenye majibu yanayothibitika zaidi kuliko swali la « nani ». Kwa mwanafunzi wa lugha kuna somo dogo pia. Katika Kiswahili kauli ya kutendwa haidai kumtaja mtenda. Twaweza kusema « Henry aliuawa » na sentensi ikawa kamili kisarufi. Atakaye kumtaja mtenda huongeza kiunganishi « na » pamoja na jina. Mahakama ya Hillsboro iliombwa kuongeza maneno hayo mawili. Ilishindwa, na kwa ushahidi iliokuwa nao huenda ilifanya vema kushindwa. Sentensi imebaki hivyo tangu mwaka 1899, imekamilika kwa sarufi, haijakamilika kwa haki.

Bonde la Tularosa bado lipo na mchanga wake. White Sands ilifanywa hifadhi ya taifa yenye hadhi kamili mwaka 2019, na Dog Canyon ina bustani ya jimbo yenye jina la Oliver Lee. Wageni hupita kwa gari, kwa muda wa saa moja, katika njia ambayo Fountain hakuimaliza. Utafiti kuhusu kesi hii nao utaendelea. Tunapendekeza kwamba wale watakaoushika waanze na ramani za kaunti, orodha za wapiga kura na mikataba ya mashahidi, kabla ya kuanza tena kuchimba mchanga.